Usiinunue hiyo Type E, nduyangu

Hizo pesa zirudishe mfukoni kwanza. Umesema umepata amplifaya ya Tektronix ya kuchomeka ndani ya osiloskopu (mashine ichorayo umeme kwa kistari cha nuru kwenye kioo), Type E, kwa bei nzuri, wataka kupima foromali ya jahazi la mjombako, ule mti wa tanga, inavyobeba mzigo, na wauliza osiloskopu gani na gundi gani. Hiyo Type E hata ukipunguziwa nusu bei, iwache. Mimi niliinunua kwa kazi iyo hiyo hapa Lamu, ikanila miezi mitatu.

Aliyeniuzia, ajiitaye fundi, alinambia: "Hii yaona mikrovolti 50 kwa sentimita, hakuna kitakachoipita." Hapo hakusema uongo. Nikapiga hesabu: geji moja (kipande chembamba kinachobandikwa juu ya mti, ukinzani wake hubadilika mti ukivutika) yenye kipimo cha wepesi cha 2, ndani ya daraja la Wheatstone (mzunguko wa vikinzani vinne uugeuzao mvuto huo kuwa volti) likilishwa volti 5, mti ukivutika sehemu 100 kwa milioni, zatoka milivolti 0.25. Hizo ni sentimita 5 nzima kwenye kioo! Nikalipa.

Tukailaza foromali juu ya magogo mawili kule Matondoni, nikabandika geji katikati, tukaning'iniza mifuko miwili ya saruji, kilo 100. Kistari kikaruka juu vizuri. Halafu kikaanza kushuka, na kwa sekunde chache kikawa kimerudi pale kilipoanzia, na saruji ingali inaning'inia. Tulipoishusha mifuko, kikazama chini, kikarudi tena kati. Nikasema gundi inateleza. Nikabandua, nikapiga msasa, nikabandika upya. Yale yale. Nikalaumu mti, nikalaumu unyevu wa kusi, nikaagiza geji nyengine. Geji ukiibandua imekwisha, haitumiki tena. Nilimaliza sita.

Kumbe geji zangu zilikuwa nzima zote! Type E hupitisha mawimbi yanayobadilika tu. Njiani mna kapasita zinazozuia kilichotulia. Kwa mtikisiko ni kifaa kizuri sana. Mzigo uliokaa hakiuoni. Na yule bwana nilimwambia kwa kinywa changu kwamba napima mzigo wa kukaa, akanijibu "zote ni mamoja." Sijamsamehe.

Kwa hivyo kabla ya bei, kabla ya rangi, uliza hili: mzigo ukikaa, kistari kitakaa? Tafuta Type Q, iliyotengenezwa kwa ajili ya geji hizi. Yenyewe hulilisha daraja kwa wimbi la kilohezi 25, kisha hulichuja, mzigo uliotulia ukabaki kwenye kioo. Hungoja usawazishe ukinzani na kapasitansi pia, maana waya mrefu huhesabiwa. Yaingia kwenye osiloskopu za Tektronix za jamii ya 530 na 540. Kama yako ni ya 560, yake ni 3C66, nayo ni kilohezi 25. Type Q haitachomeka hapo. Mwenye ya 7000 atapata 7A22, yaenda hadi mikrovolti 10 kwa mraba na yaona kilichotulia, ila daraja utalilisha mwenyewe.

Ukienda kununua, chukua rula ya chuma uliyokwisha kuibandika geji. Ifunge kwenye daraja, ikunje kwa kidole mbele ya muuzaji, uishikilie hivyo hivyo, uhesabu hadi 30. Kistari kikiteremka na kidole hakijaondoka, aga. Na akikukataza kujaribu, panda gari urudi zako Malindi.