Tatua kwa kalamu kabla ya kugusa kibodi

Ngazi ina vidato 50. Kwa kila hatua unaruhusiwa kupanda kidato kimoja au viwili. Kuna njia ngapi za kufika juu?

Usianze na msimbo, yaani maagizo ya kompyuta. Chukua karatasi, ulipunguze swali. Kidato 1 kina njia 1, vidato 2 vina njia 2, vidato 3 vina njia 3. Hapo wengi huponzwa na haraka, wakaandika kwamba jibu la 50 ni 50. Vidato 4 vina njia 5: 1+1+1+1, 1+1+2, 1+2+1, 2+1+1 na 2+2. Mifano mitatu haitoshi, na hata mitano si hoja mpaka ujue sababu.

Sababu utaipata ukitazama hatua ya mwisho. Ama ilikuwa ya kidato kimoja, ukitokea kidato cha 49, ama ya viwili, ukitokea cha 48. Hakuna nyingine, wala hizi mbili haziingiliani. Kwa hiyo njia za 50 ni njia za 49 ukijumlisha na za 48. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nalo hufungua mafumbo mengi ya kuhesabu: nini kilitokea mwisho?

Sasa andika msimbo, kwa uangalifu. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayojiita yenyewe ni fupi na inavutia, lakini kwa vidato 50 itaitwa zaidi ya mara bilioni 25, kwa sababu inarudia hesabu zilezile. Weka majibu mawili ya mwisho tu katika vigeu viwili, yaani nafasi mbili za kuhifadhi thamani, uyasogeze mbele ndani ya kitanzi, sehemu ya msimbo inayojirudia: kazi yote inakuwa kujumlisha mara 48.

Jibu ni 20,365,011,074. Ukipata namba hasi, kanuni yako haina kosa, namba imefurika, yaani imezidi nafasi iliyotengewa. Nambakamili ya biti 32 (tarakimu 32 za 0 au 1) inayokubali hasi inaishia 2,147,483,647, na hesabu hii inaivuka kwenye kidato cha 46. Tumia biti 64.

Ile jedwali ya karatasi usiitupe, ndiyo majaribio yako: 1, 2, 3, 5, 8. Anza kujaribu na 1, maana msimbo uliotanguliza thamani mbili za mwanzo, 1 na 2, mara nyingi husahau ngazi yenye kidato kimoja, ukarudisha 2.