Kabla Hujaandika Historia ya Kigango Chenu, Fungua Daftari la Ubatizo

Tangu kijitabu cha historia ya kigango chetu, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, huku Misungwi kilipozinduliwa siku ya jubilei, nimekuwa nikipokea maswali, na la karibuni limetoka kwa msomaji wa Sengerema anayetaka kujua aanzie wapi ilhali wazee wa kwao wengi wamekwisha kufariki. Ninajivunia kazi ile, kwa maana niliwaona watu wazima wakifuta machozi majina ya babu zao yalipotajwa mbele ya altare.

Wengi huanza na mapadre, na kwa ukanda huu ni rahisi kufanya hivyo. Wamisionari wa Afrika, yaani shirika la Kikatoliki la Mapadre Weupe, walifika Kageye, kando ya Ziwa Victoria, mwishoni mwa mwaka 1878, kisha mwaka 1883 wakafungua misioni ya Bukumbi, na habari zao zimehifadhiwa vizuri kwa sababu Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, aliagiza kila kituo kiandike shajara. Padre, hata hivyo, alifika kigangoni mara chache. Aliyefundisha dini, akaongoza ibada za Jumapili na kuzika wafu ni katekista, ambaye mara nyingi hakuna aliyemwandika.

Kwa hiyo nilimwomba paroko ruhusa ya kusoma madaftari ya ubatizo palepale ofisini. Ya zamani yako kwa Kilatini, lakini usiogope, kwani mpangilio haubadiliki: jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe, aliyebatiza, na pembeni kipaimara na ndoa. Katika kurasa ambazo wino wake umegeuka rangi ya kahawia nililiona jina moja la msimamizi likijirudia mwaka baada ya mwaka, na nilipouliza nikaambiwa kwamba ndiye katekista wetu wa kwanza, ambaye kijitabu cha zamani hakikumtaja hata kwa mstari mmoja.

Wazee waliobaki usiwaulize mwaka. Waulize kama kanisa la tope lilianguka kabla ya ziwa kujaa kwa mvua za 1961 na 1962, au kama lilihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, serikali ilipowahamishia watu katika vijiji vya pamoja, katika miaka ya 1970. Kwa njia hiyo tuliupata msingi wetu wa kwanza, mawe yaliyopangwa mraba katikati ya shamba la mihogo.

Linaloniuma hadi leo ni kwamba waliosimamia uchapaji waliuondoa ukurasa wa akina mama waliobeba mawe na maji ya ujenzi kichwani, wakaweka picha za wageni waalikwa. Ndugu zangu, msikubali jambo hili. Aliyebeba jiwe la msingi anastahili kuandikwa sawa na aliyelibariki, na majina ya akina mama yaandikwe mapema, wasomewe wenyewe kwa sauti, tena yawekwe katika kurasa za mwanzo. Ukurasa ule nimeuchapa upya kwa fedha zangu, na kila mama aliye hai amepata nakala yake.