Kadi Zilizokwama kwenye "Inafanyiwa Kazi"

SWALI: Mhariri, assalaam aleikum. Sisi ni vijana kumi na mmoja, wengine tuko Lamu na wengine Malindi, tunaojitolea kutafsiri na kurekebisha programu huria ya maktaba. Ubao wetu wa mradi kwenye GitHub, tovuti ambako watu hutunza na kurekebisha programu kwa pamoja, una kadi 63, kila moja ikiwa kazi moja, na 40 kati ya hizo zimekaa katika safu ya "Inafanyiwa kazi" tangu kabla ya Ramadhani. Mgeni akituuliza aanze na lipi, tunatazamana. Je, tuongeze safu?
Mfasiri, Langoni, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam. Msiongeze hata moja. Kadi 40 kwa watu 11 ni dalili kwamba safu hiyo imegeuka ghala. Kubalianeni kwamba kadi isiyo na jina la mtu mmoja haiingii hapo, na kwamba hakuna atakayeshika zaidi ya mbili kwa wakati mmoja. Ikikaa wiki tatu bila neno, mwenyewe aulizwe kwa upole, na asipojibu irudishwe safu ya kwanza bila lawama, kwani anayejitolea ana mitihani, ana harusi za ndugu, na pengine yuko baharini.

Zito zaidi ni namna suala, yaani maelezo ya tatizo yaliyo ndani ya kadi, linavyoandikwa. "Tafsiri imeharibika" humfanya msomaji kuwa mpelelezi. Lakini mkiandika, "Kwenye simu yenye kioo kidogo, nikifungua Mipangilio kisha Akaunti, kitufe cha 'Hifadhi mabadiliko' kinaonyesha 'Hifadhi mab' tu," kijana wa Malindi ambaye hamjawahi kuonana naye ataweza kulishughulikia usiku huohuo. Masuala manne au matano ya aina hiyo yapeni lebo ya wageni, nanyi wenyeji msiyaguse hata kama yanawawasha mikono.

Kisha nina shaka na baraza. Jambo huamuliwa jioni barazani, au siku hizi katika kundi la WhatsApp, na kulipokucha tafsiri imebadilishwa, na ambaye hakuwapo asijue kwa nini. Kaeni barazani kwa raha zenu, ila mmoja aandike uamuzi chini ya suala kabla hamjatawanyika. Mistari miwili yatosha.

Katika kufunga masuala, igeni Bugzilla, mfumo wa kufuatilia hitilafu za programu uliozaliwa katika mradi wa Mozilla mwaka 1998, ambao hutenganisha hali ya suala na sababu ya kufungwa kwake: limerekebishwa, ni marudio ya jingine, au halitafanyiwa kazi. Hiyo ya mwisho huwatia watu haya, ilhali naamini kadi nyingi kati ya zenu 40 zinaistahili. Zile zilizorekebishwa kweli, mwenye kuleta marekebisho aandike "Fixes #48" katika maelezo yake, na GitHub italifunga suala namba 48 yenyewe marekebisho yakishaunganishwa na tawi kuu, yaani nakala rasmi ya programu. Maneno hayo yaacheni kwa Kiingereza, wafasiri wangu. Mkiandika "Imerekebishwa #48" suala litabaki wazi.