Jibu: Kwa nini wakala wako anachagua zana isiyofaa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wakala wa akili bandia unayewatengenezea wauza tiketi za mashua kati ya Goma na Bukavu huita zana (yaani kazi ya programu aliyopewa kuitumia) ya kukata tiketi, badala ya ile ya ratiba, pale mteja anapotaka kujua ratiba tu. Kwa maoni yangu, kosa liko katika maelezo: zana zote mbili umezieleza kwa maneno yaleyale, «hushughulikia safari», na modeli ya lugha inayomwendesha wakala haioni msimbo wako wa ndani, bali husoma jina la zana, maelezo na vigezo (taarifa anazopaswa kuzijaza anapoiita) peke yake. Andika waziwazi kwamba zana moja husoma ratiba bila kubadilisha chochote, na kwamba nyingine hukata tiketi, hivyo isiitwe kabla mteja hajathibitisha.

Vigezo ndivyo vinavyohitaji uangalifu zaidi. Kigezo chako kinaitwa «saa», lakini mteja anayeandika «saa moja asubuhi» anamaanisha 07:00, ilhali modeli inaweza kuelewa 01:00. Tena Goma iko saa moja mbele ya Kinshasa. Taja muundo unaotakiwa, toa mfano mmoja, na useme kwamba ni saa za Goma. Vivyo hivyo kwa «bei»: kwetu hapa, ambako dola na faranga hukaa mfuko mmoja, tarakimu tupu haimwambii mtu kitu.

Ujumbe wa kosa nao uwe sentensi kamili. «Tarehe hii imepita, muulize mteja nyingine» humsaidia wakala kujirekebisha, lakini namba 400 pekee (msimbo wa kompyuta wa «ombi lenye kosa») humwacha akirudia ombi lilelile.