Baisani: walitoweka, au nusura watoweke?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Katika insha yangu niliandika: "Baisani wa Marekani walitoweka karne ya 19, kisha wakarudi." Msahihishaji alipigia mstari "walitoweka" na "wakarudi" bila maelezo. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Sarufi yako ni safi, na umefanya vyema kutowaita nyati, maana nyati wa kwetu ni mnyama mwingine, ingawa wote ni wa jamii ya ng'ombe. Tatizo ni maana. Mtu akitoweka nyumbani huenda akaonekana kesho, lakini aina ya mnyama ikitoweka imekwisha, kama ndege dodo wa Morisi. Baisani hawakufika huko. Mwaka 1889 mtaalamu wa wanyama William Hornaday aliwahesabu Amerika Kaskazini nzima akapata wasiozidi 1,100. Mwaka 1902, wale wa porini katika hifadhi ya Yellowstone hawakufika hata 30, ila walikuwapo.

Neno unalolihitaji ni nusura. Baada yake -a ya mwisho wa kitenzi hugeuka -e: nusura watoweke, nusura aanguke. "Nusura walitoweka" nalisikia mara nyingi, na si sahihi. Nalipenda neno hili kwa sababu ni ndugu wa nusuru na nusurika: ukilitamka, umekwisha kudokeza kwamba kuna aliyeokoka.

Kuna jambo zito zaidi. Kutoweka ni kama kwa ukungu, hakuna mkono wa mtu. Baisani walikuwa mamilioni, pengine milioni 30 hadi 60. Reli ilipopenya nyikani, wawindaji wa miaka ya 1870 waliwaua kwa ajili ya ngozi, ambazo viwandani zilifanywa hata mikanda ya kuendeshea mashine. Mizoga iliachwa ioze. Walakota na mataifa mengine ya wenyeji, ambao mnyama huyu alikuwa chakula chao, nguo zao na mahema yao, wakabaki na njaa. Basi sema waliangamizwa. Ile -z- inasema kuna aliyesababisha, -w- inasema wao walitendwa, na msomaji atauliza mwenyewe: na nani?

"Wakarudi" nalo lina kasoro hiyohiyo, maana linawasahau waliohangaika. Mwaka 1907 baisani 15 walitolewa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, wakapakiwa kwenye treni hadi milima ya Wichita, Oklahoma. Hao walirejeshwa. Wa Yellowstone hawakuondoka kamwe. Wao walilindwa, wakaongezeka. Leo baisani wote ni karibu nusu milioni, ingawa wengi mno ni mifugo ya watu binafsi, kwa hiyo usiandike kwamba wamerudia hali yao ya zamani.

Mimi ningeandika hivi: "Katika karne ya 19 baisani wa Marekani waliangamizwa, nusura watoweke, wachache waliosalia wakalindwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya waliofugwa wakarejeshwa nyikani."