Dakika 20 Ndani ya Fulana ya Umeme

SWALI: Nina miaka 52, nahudumia wazee hapa Nuremberg, Ujerumani. Zamu zangu hazitabiriki, magoti yananiuma, na jimu ya kawaida imenishinda. Jirani kuna studio inayokuvisha fulana yenye umeme, dakika 20 tu kwa wiki. Mume wangu anasema ni hatari. Mwenye studio anasema nitapungua kilo. Nimsikilize nani?
Mama Zuhura

JIBU: Mama Zuhura, pole na magoti. Fulana hiyo ina elektrodi, yaani vipande vinavyopitisha umeme mwilini, za kwenye kifua, tumbo, mgongo na makalio, pamoja na mikanda ya mikono na mapaja. Umeme hukaza misuli yote hiyo kwa pamoja, mara nyingi kwa hezi 85, yaani misukumo 85 kwa sekunde: sekunde 4 hadi 6 za kukaza, 4 za kupumzika, nawe ukichuchumaa kidogo au kukunja mikono. Hakuna chuma cha kunyanyua, ndiyo maana magoti hayaelemewi. Kwa asiyefanya mazoezi, nguvu huongezeka kweli, na wenye maumivu sugu ya kiuno wengi hupata nafuu. Hayo ya kilo usiyategemee. Dakika 20 kwa wiki hazichomi mafuta mengi, na moyo haupati kazi unayoipata ukitembea haraka. Kutembea usiache.

Mumeo ana sababu ya kuhofu, ila tatizo si kupigwa shoti. Tatizo ni kuzidishiwa siku ya kwanza. Misuli mingi ikikazwa kwa mpigo mmoja, nyuzi zake huumia na kimeng'enya cha kreatini kinasi, dalili ya misuli kuumia, humwagika kwenye damu, kikifika kilele siku ya 3 au ya 4. Pale studio unajiona mzima kabisa, unamwambia mwalimu aongeze. Usimwambie! Mkojo ukigeuka mweusi kama chai ya rangi, au misuli ikivimba, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani figo zinaweza kufeli.

Kwa hiyo anza na dakika 12 hivi, umeme wa wastani, mara moja tu kwa wiki kwa wiki 8 hadi 10. Baadaye pia ziache siku 4 katikati. Mwalimu asihudumie zaidi ya watu 2 kwa wakati mmoja, na akuangalie uso, si skrini. Kula chakula cha wanga saa 2 kabla ya mazoezi, na unywe nusu lita ya maji. Elektrodi ziloweshwe vizuri: zikikauka ngozi inachoma, na misuli haikazwi sawasawa.

Mjamzito, mwenye kifafa, ngiri ya tumbo, damu iliyoganda kwenye mshipa, au kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asivae. Mwenye homa asubiri apone. Studio isiyokuuliza hayo kabla ya kukuvisha, ondoka.

Kinachowatoa wengi ni gharama. Bima ya afya kwa kawaida hailipi, na studio hupenda mikataba mirefu. Omba kipindi cha majaribio kwanza, usome masharti ya kuvunja mkataba kabla hujasaini.

SWALI: Naweza kuagiza fulana hiyo mtandaoni nijifunge mwenyewe nyumbani?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana. Aliyekazwa mwili mzima hajioni anavyokaza, na hakuna wa kupunguza umeme akizidiwa. Tumia mkanda wa mpira wa kuvuta na ngazi za nyumbani.