Seti ya chai ya "miaka 140": geuza kisahani kabla hujatoa pesa

SWALI: Assalaam aleikum. Nimeoneshwa seti ya chai hapa Mji wa Kale, Mombasa: buli, jagi ya maziwa, chombo cha sukari, vikombe sita na visahani vyake. Muuzaji asema ni ya enzi za Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, yapata miaka 140. Chini pana taji na maneno "Bone China, Made in England". Kikombe kimoja kina mstari wa kahawia, na dhahabu ya ukingoni imefifia. Nataka kuiweka kabatini, ila siku ya Idi niwanyweshee wageni. Je, umri ni wa kweli? Nikague nini?

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Seti hiyo si ya enzi za Barghash, na ushahidi ni mwandiko huo huo ulioona. Seyyid Barghash alifariki 1888. Neno England lilienea chini ya vyombo kuanzia 1891, pale sheria ya ushuru ya Marekani ilipotaka kila bidhaa inayoingia kule ioneshe nchi ilikotoka. "Made in England" ni ya karne ya 20, na huonekana zaidi baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kuandika "Bone China" kwenye muhuri nako ni kwa karne ya 20, ingawa udongo wenyewe, ambao karibu nusu yake ni majivu ya mifupa, ulikuwa ukitumika Uingereza tangu mwisho wa karne ya 18. Basi ihesabu kuwa ya miaka ya 1920 kuja huku. Bado yaweza kuwa seti nzuri sana, lakini usilipe bei ya kitu cha karne ya 19.

Kwa siku nyingine: muhuri wa umbo la almasi wenye herufi na tarakimu pembeni ni usajili wa Uingereza wa 1842 hadi 1883. Ukikuta "Rd No" na namba, usajili ni wa 1884 au baadaye. "Nippon" ni Japani ya 1891 hadi 1921, kisha likaja "Japan". Chombo kisicho na muhuri si lazima kiwe cha kale. Viwanda vingi havikupiga muhuri kila kipande.

Sasa hesabu vipande. Seti ya Kiingereza ya kawaida ilikuwa na vipande 21: vikombe sita, visahani sita, sahani ndogo sita za keki, jagi, chombo cha sukari na sahani moja kubwa ya mkate. Buli mara nyingi liliuzwa peke yake. Kwako sahani saba hazipo, na buli laweza kuwa limetoka nyumba nyingine. Liweke kando ya kisahani juani, si chini ya taa ya duka. Weupe ukiwa tofauti, mmoja wa maziwa na mwingine wa kibuluu, hawakuzaliwa pamoja. Tazama pia namba ya nakshi, yaani ya mtindo wa mapambo, aghalabu imeandikwa kwa brashi karibu na muhuri, inafaa ilingane.

Ukaguzi wenyewe ufanye kipande kwa kipande, wala usione haya kumchelewesha muuzaji. Weka vidole nyuma ya kisahani na umulike kwa tochi ya simu: kaure ya mifupa, ndiyo hiyo Bone China, hupitisha mwanga wenye joto na kivuli cha vidole huonekana. Udongo wa kawaida haupitishi kitu. (Bakuli za Maastricht, Uholanzi, zilizoletwa kwa wingi pwani yetu, ni za udongo wa namna hiyo, ni nzuri, lakini ni jamii nyingine.) Halafu kiweke kikombe juu ya ncha za vidole, bila kushika mkono wake, ukigonge ukingo kwa ukucha. Kizima hulia "tiing" na sauti ikabaki. Chenye ufa hutoa "tok" ikafa hapo hapo. Huo mstari wako wa kahawia, nina hakika, utakupa tok: ni ufa uliokunywa chai kwa miaka.

Sehemu zinazodanganya zaidi ni mkono wa kikombe, mdomo wa buli na kifundo cha kifuniko, maana ndizo huvunjika kwanza. Azima ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, uimulike gizani. Gundi na rangi ya fundi hung'aa tofauti na kaure inayozizunguka. Pitisha kidole kwenye ncha ya mdomo wa buli. Ikiwa butu na kavu badala ya kuteleza, ilimeguka ikasuguliwa. Ndani ya buli, angalia pale mdomo unapoungana na tumbo, penye vitundu vya kuchujia majani: nyufa nyingi huanzia hapo.

Mwisho geuza kisahani utazame duara la chini linalokaa mezani. Uchakavu wa kweli ni mikwaruzo myembamba iendayo kila upande, mingine mizito, mingine hafifu. Ikienda yote upande mmoja, hiyo ni msasa. Na dhahabu iliyofifia isikutie wasiwasi, ni alama ya matumizi. Wasiwasi uwe pale mkono umelika kwa kushikwa na dhahabu yake ingali mpya: imepakwa juzi.

Kunywea: vikombe vizima vyenye nakshi nje tu vitumie kwa chai ya maziwa bila hofu kubwa. Vyenye rangi ndani, hasa nyekundu, chungwa na njano zilizopakwa juu ya ung'avu, lile ganda la kioo linalofunika kaure (utazihisi zimeinuka kidogo), viache kabatini. Rangi za zamani zaweza kuwa na risasi au kadimiamu, metali zenye sumu, na asidi ya ndimu au ukwaju huzivuta. Watoto na wajawazito wasivinywee kabisa. Usiweke dhahabu kwenye maikrowevu, itatoa cheche. Kabla ya kumimina chai inayotokota, suuza buli kwa maji vuguvugu, ukae dakika moja, umwage. Buli baridi likipokea moto ghafla hupasuka toka chini.

Doa la ufa lisitibiwe kwa jiki. Klorini hula ung'avu, na chumvi inayobaki ndani ya ufa hukauka ikabandua kaure. Loweka kikombe kwanza katika maji safi usiku kucha, ili doa lisizame zaidi. Kisha lowesha pamba kwa haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, uilaze juu ya ufa mbali na dhahabu, funika kwa nailoni isikauke, uangalie baada ya saa kadhaa. Doa litapungua, ufa utabaki, na kikombe hicho kisipelekewe mgeni chai ya moto. Vingine osha kwa mkono, beseni la plastiki, sabuni laini, sifongo isiyo na upande mkali. Usivifunge kwa gazeti: kwa unyevu wa Mombasa wino wake huhamia kwenye dhahabu. Tumia karatasi nyeupe au kitambaa cha pamba, na usipachike kikombe ndani ya kikombe.

Ukirudi kwa muuzaji, piga bei kwa idadi ya vikombe vizima vyenye visahani vyake, vitano, na buli ulihesabu mbali. Akishikilia miaka 140, mkumbushe kwamba sheria ya Kenya ya makumbusho na turathi ya 2006 huhesabu kitu kilichoingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na hakitoki nje ya nchi bila kibali. Hata ndugu anayekipeleka Maskati hangeweza kukichukua hivi hivi. Hii yako ya "Made in England" haimo humo.